Shingo Aliyoichonga Fundi Eleuterio Zalapa

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi magitaa wenzetu wa Paracho, familia inaomba radhi, karatasi hii imeandikwa kwa siku moja na kwa mikono ambayo bado haijaamini, kwani Jumanne asubuhi marehemu alikuwa anapiga randa, na leo Alhamisi yuko mbele yenu ndani ya sanduku.

Marehemu Eleuterio Zalapa Huipe alizaliwa hapa Paracho tarehe 20 Februari 1953, mtoto wa pili wa fundi Hilario Zalapa na mama Delfina Huipe, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1964 akaingia karakana ya baba yake, ambako kwa miaka saba alichonga shingo za magitaa tu. Mwaka 1971 aliruhusiwa kutengeneza gitaa zima, akalipa tumbo kubwa lenye kina kirefu ili lipige kelele kuliko yote ya mtaani, na baba yake akalipiga mara moja, akalirudisha mezani, akasema, "Hiki ni kisima. Mtu anaimba humo, wewe unasikia mwangwi." Marehemu alilipasua, akapunguza kina kwa vidole viwili, akachonga upya mbavu za ndani ziwe nyepesi, na sauti ikatoka safi.

Tarehe 12 Mei 1979 alifunga ndoa na Amparo Equihua, mwimbaji wa pirekua, nyimbo za jadi za kwetu, ambaye alikuwa ameleta gitaa la mjomba wake na kumwambia mbele ya wateja, "Fundi, nikiimba chini linanifuata, nikipanda juu linanyamaza, linaniogopa?" Marehemu aligundua kuwa shingo ilikuwa nyembamba mno, inatikisika na kumeza mtetemo wa nyuzi, akaweka ya mwerezi iliyo nene na ngumu, gitaa likapona, na Amparo akaendelea kurudi karakana hata bila gitaa. Walijaliwa watoto wawili, Rufino mwaka 1981, na Itzel mwaka 1986, ambaye alirithi kazi.

Familia imekubaliana kutoficha linalofuata, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakulificha mwishoni. Mwaka 2014 Itzel alitengeneza gitaa la mashindano ya Agosti, akaranda uso wa gitaa, ule ubao wa mbele, ukawa mwembamba kuliko alivyozoea mtu yeyote hapa, na baba yake akamwonya, "Mwanangu, hiyo si mbao, hiyo ni tortilla, nyuzi zitaikunja." Itzel akajibu, "Tata, nyie mnaweka uso mnene halafu mnashangaa gitaa limelala. Nichongee shingo tu." Akamchongea. Mbele ya waamuzi gitaa lile liliita kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulinyamaza kuisikiliza, kisha uso ukapasuka kandokando ya shingo, na marehemu akasema kwa sauti, watu wakimsikia, "Si nilisema?" Itzel alihamia Uruapan, na kwa karibu miaka kumi hawakuzungumza.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alilifungua gitaa lile, lililokuwa limebaki karakana, akakuta uso mzima na imara kila mahali isipokuwa kwenye ule ufa, ila kitako cha shingo, alichokichonga na kukigundisha yeye mwenyewe wakati wa mvua kwa mbao isiyokauka, kilikuwa kimelegea na kuzunguka kuelekea ndani, kikausukuma uso mpaka ukapasuka. Mkewe anasema alikaa na kile kitako mkononi mpaka chakula kikapoa. Tarehe 9 Machi alikwenda Uruapan amekifunga kwenye shali ya mama Amparo, akakiweka mezani kwa binti yake, akasema, "Shingo ndiyo iliyokosa. Shingo niliichonga mimi." Itzel akauliza, "Miaka kumi, Tata?" Akajibu, "Miaka kumi, mwanangu." Tangu siku hiyo walianza gitaa moja la pamoja, uso mwembamba wa Itzel na shingo ya baba, kavu safari hii.

Kuhusu ugonjwa hatuna cha kusoma. Hakuumwa. Jumanne tarehe 3 Septemba alikula korunda mbili za unga wa mahindi, akamtania mama kuhusu chumvi, akaingia karakana kumngoja Itzel aje wagundishe shingo, na saa nne hivi mama akasikia randa imenyamaza, akamkuta sakafuni. Daktari alisema mshipa wa kichwa umepasuka, na saa tano na dakika arobaini akafariki, Itzel akiwa bado njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana naye kwa saa ile moja, majirani waliokuja na sufuria kabla hatujajua la kuwaambia, na mafundi wa mtaa mzima waliozima misumeno yao kwa siku mbili. Wengi mmeuliza kwa nini gitaa lile la baba na binti halipigwi hapa leo. Itzel aliigundisha shingo jana, peke yake, na gundi bado haijakauka.

Pumzika, Tata Eleuterio, kwa amani yote.