Puli Mbili za Bulaya

Nyuma ya soko la Kamwokya kuna benchi moja refu na matofali matatu ya kukalia, mbele ya kinyozi ambaye redio yake haizimwi mpaka umeme ukatike. Hapo ndipo Mama Sitti huuza kahawa, na hapo ndipo wanaume wanaosema wana haraka hukaa mpaka adhuhuri. Asubuhi hiyo, mwaka wa pili tangu vita viishe, kulikuwa na jambo zito: mashine ya Filda ya kusaga mahindi, hatua mia mbili kutoka benchini, ilikuwa imenyamaza ghafla saa tatu. Hatua mia mbili si kitu, lakini kijiweni mtu haendi kuangalia jambo linaloweza kujadiliwa. Aliyetaka kwenda kuliko wote, na kuogopa kuliko wote, alikuwa Nyongesa, fundi kutoka Bungoma, ambaye kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

— Umeme imekwenda, alisema Kaplo. Jina lake ni Oryem. Aliacha jeshi, jeshi likakataa kumwacha.

— Redio ya kinyozi naimba, alijibu Mama Sitti. Umeme gani nakimbia mashine, naacha redio?

— Hata mimi hiyo ya umeme sikubari, alisema Saverio. Huyu hufagia madarasa ya chuo kule Kyambogo, ndiyo maana wakamwita Profesa, na r na l humbadilikia mdomoni apendavyo. — Kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake, mashine ikinyamaza, ndani iko nasaga sana.

Nyongesa aliposikia neno mshindo, kahawa ilimwagika gotini.

— Mkenya, nashtuka nini? aliuliza Kaplo.

— Kahawa ni moto.

— Kahawa yako imelala tangu saa tatu, alisema Mama Sitti.

Nyongesa alilifuta goti. Yeye hufanya kazi katika karakana ya mtu anayeitwa Jafar, wanakotengeneza giya na puli. Puli ni lile gurudumu la chuma linalovaa mkanda na kupeleka nguvu ya mota kwenye kinu. Miezi miwili iliyopita waliyeyusha injini za malori yaliyoungua vitani, wakamimina puli mbili siku moja, kutoka chungu kimoja. Nyongesa alipozikereza, kila moja ilionyesha kitundu cha hewa karibu na pale inapopita shafti, ule mhimili wa kati. Akasema zirudi motoni. Jafar akasema wateja wanasubiri. Vitundu vikazibwa kwa gundi na unga wa chuma, rangi ikapakwa, kisha Nyongesa mwenyewe akachukua nyundo na kuzigonga herufi za Kiingereza za kusema zimetengenezwa Uingereza, kama alivyogonga kila kitu kilichotoka pale. Bila herufi zile, nani Kampala angenunua? Moja ikaja hapa kwa Filda. Ya pili alikwenda kuifunga mwenyewe kwenye mashine nyingine huko Kawempe, mbele ya benchi wanapokaa akina mama kusubiri unga wao. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, kwa sababu puli ikipasuka katika mwendo haidondoki chini. Inaruka.

— Nyinyi musiseme ni puli, alisema Kaplo. Ile puli mimi nimeona kwa macho. Iko na maandishi ya Bulaya.

Bulaya ndiyo Ulaya, na kwa kijiwe kile kitu cha Bulaya hakina ubaya.

— Lakini Bulaya kuko baridi, ssebo, alisema Profesa. Chuma ya kule imezoea baridi. Hapa navimba kama mguu ya mzee. Ile puli natakiwa kupepewa.

— Nani atapepea chuma? aliuliza Mama Sitti.

— Ndiyo shida yetu Waafrika. Hatupepei.

— Si joto, alisema Kaplo, akishusha sauti. Wazungu wameweka saa ndani. Siku sitini ikifika, puli nasimama yenyewe, ununue ingine. Jeshini tulikuwa na tochi namna hiyo.

— Tochi yako iliisha mawe ya betri, alisema Mama Sitti.

— Si saa! Profesa alisimama. Ni sumaku! Wenzangu, sufuria za Kamwokya nakwenda wapi? Bibi yangu amepoteza mbili mwezi huu. Ile puli nazunguka, navuta, nazunguka, navuta. Leo imeshiba!

Nyongesa aliiona Kawempe kichwani. Aliona yule mama mwenye kitambaa cha kijani aliyemwuliza, siku ile anafunga bolti, kama mahali pale ni pazuri kukaa. Alimjibu kwamba ni pazuri, kuna kivuli.

— Mimi naona mtu angeenda tu kuangalia, alisema kwa sauti ndogo.

— Enda wewe, alisema Kaplo. Si wewe ndiyo fundi?

Hakuinuka. Alikuwa mgeni katika mji wa watu, na Filda ni mjane wa askari. Mashemeji zake ni polisi. Kama yuko chini pale, katikati ya unga na damu, je? Aliona aibu, na bado hakuinuka.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alimalizia Kaplo. Mashine imesimama, haitembei. Basi iko mzuri!

Ndipo Filda akatokea kwenye kona ya soko, nyusi nyeupe kwa unga, amekumbatia kitu kizito kwa gunia. Nyongesa alimhesabu kwanza: mikono miwili, macho mawili. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Filda akakitua kile kitu juu ya benchi, benchi likalia.

Ilikuwa puli. Ufa ulianzia kwenye tundu la shafti ukapanda mpaka ukingoni, na gundi kavu ikawa inadondoka kama ukoko wa uji.

— Nasikia sauti imebadilika, alisema Filda, akihema. Mashine nasema tki, tki, tki. Nazima mbio. Kidogo tu, mngekuwa mnanizika.

— Banange! Ya Bulaya? Kaplo alizipapasa herufi. Haiwezekani.

— Wacha Bulaya, Kaplo. Mimi nauliza kitu moja tu. Iko ngapi kama hii?

— Bulaya natengeneza maelfu, alianza Profesa.

— Hapa, Profesa. Hapa Kampala. Iko ngapi, na nani amesimama karibu yake saa hii?

Kaplo alitazama viatu vyake. Redio ya kinyozi iliimba peke yake.

— Mbili, alisema Nyongesa.

— Ingine iko wapi?

— Kawempe. Saa hii inazunguka. Akina mama wamekaa mbele yake.

— Wewe najuaje?

Nyongesa alizitazama herufi. Ile ya mwisho ilikuwa imelala upande kidogo, maana siku ile nyundo ilimteleza.

— Bulaya ni mimi, dada Filda.

Filda alimtazama kwa muda unaotosha kumpiga mtu kofi. Kisha akaivuta baiskeli ya Profesa iliyoegemea ukuta wa kinyozi, akamsukumia.

— Kofi yako nakuwekea. Enda kwanza.

Nyongesa alipanda akiwa bado na kikombe mkononi, akakitupa, akapotea upande wa barabara kuu. Profesa hakuuliza habari ya baiskeli yake. Mama Sitti aliinamisha birika, pakatoka tone moja na machicha.

— Kwa baiskeli, aliuliza Filda, mpaka Kawempe ni dakika ngapi?

Wote waliijua njia ile tangu utoto wao, na kila mmoja akaigeukia barabara kuu.