Kaburi la Vigae

Sogeeni wanangu, mnisikilize pumzi ingalipo. Nadine, niinue kidogo. Rosa, funga mlango, majirani wameshasikia ya kutosha. Na wewe Niyubahwe, kifungua mimba wangu, weka simu mfukoni uniangalie usoni, maana mengi ya maneno haya ni yako.

Juzi fundi aliingia humu na futi akanipima toka utosini hadi nyayoni, akidhani nimelala. Sikulala, nilifumba macho kwa aibu. Mtu ananipimia jeneza nami ningali nameza uji, na kaburi lenyewe, Rosa ameniambia, limeshajengwa, lina nguzo na vigae vya bluu kutoka mjini Kasulu. Mimi katekista nimewafundisha tangu utoto wenu habari za Shebna, yule mkuu wa nyumba ya mfalme aliyejichongea kaburi juu mwambani ili watu waone, nabii akaja kumuuliza ana nani pale hata achimbe. Wewe Niyubahwe uliyelijenga ulikuwa unakaa benchi la mbele. Ulikuwa unasikiliza nini, mwanangu?

Tena ungejenga kwetu ningenyamaza, wajukuu wakachezea juu yake. Umejenga kwa jirani yetu Mwanahawa. Umeng'oa minyaa ya mpaka, ile niliyoipanda na marehemu mumewe Saady, utomvu ukitumwagikia mikononi, ukaenda kuipanda ndani ya migomba yake ili kaburi la baba yako lionekane barabarani. Mwenyekiti wa kitongoji akala mbuzi, akasema mpaka ulikuwa hapo tangu zamani. Siku ya msingi kwaya ikaimba, mjane analia upande wa pili. Jamani, mnanichosha. Tulipovuka kutoka Burundi na mikeka kichwani, ni Saady, Mwislamu, aliyetukatia shamba hili kutoka lake, wala hakuuliza tunasali wapi. Mfalme Ahabu alimdhulumu Nabothi shamba lake, lakini Nabothi hakuwa amemlisha Ahabu. Wewe umempita Ahabu.

Najua ugonjwa huu si wako peke yako. Siku hizi mwenye gari akichelewa ibadani anapishwa kiti, na mwizi akilitolea kanisa mabati anaitwa mfadhili. Babu yenu kule Burundi alikuwa mshingantahe, mwamuzi wa mashauri, na aliketi mkekani kama wengine. Nilikuita Niyubahwe, Mungu na aheshimiwe. Wewe ukadhani heshima hiyo ni yako. Mpanda ngazi hushuka, mwanangu, na mimi sitaki kuwa ngazi yako.

Basi shikeni haya. Migomba ya bondeni ni ya Rosa aliyeniuguza. Kahawa ni ya Nadine, ingawa ameolewa Kakonko, na asije mtu kuniambia binti harithi. Nyumba hii ni ya Niyubahwe, lakini asiingie humu mpaka airudishe minyaa pale pale ilipokuwa, kwa mikono yake, si kwa kibarua, mchana watu wakiona, na Mwanahawa akiwa amesimama kumwonyesha. Jeneza langu lisiinuliwe kabla ya hapo. Nikianza kunuka, ninuke. Udongo uwahi ungali maji.

Kisha mnizike karibu na mama yenu, kwenye udongo mtupu, na msalaba wa mti. Ukioza, umeoza.

Hilo shimo la vigae liko kwenye ardhi ya Mwanahawa, ni mali yake, msilibomoe bila kumuuliza. Jana alikuja kunijulia hali, nikamwomba radhi kwa niaba yenu. Akasema shimo halivuji, litamfaa kulowekea mihogo. Nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Sijacheka hivyo tangu nianze kuugua.

Rosa, maji... Basi, yanatosha. Niyubahwe, unalia? Lia tu. Sogea, macho yangu yamefifia, weka kichwa chini ya mkono wangu. Chini zaidi, siwezi kuuinua. Hapo. Mungu aliyetupokea tukiwa wageni... awape mvua, awape na majirani wa kula nao. Ukimaliza minyaa, mwanangu, mbebee Mwanahawa mihogo yake... uipange mle shimoni mwenyewe. Italala siku tatu. Kisha itatoka... watu waile.