Wiki Mbili Bila Sauti

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mnaonijua hapa kanisani Sokon One mnajua kwamba sisimami mbele ya watu bila karatasi. Leo nimekuja mikono mitupu.

Mimi ni mwalimu wa takwimu katika chuo kimoja hapa Arusha. Miaka kumi na miwili nilifundisha kwa imla: nasoma, wanafunzi wanaandika. Mlangoni niliweka beseni, simu zote humo! Darasa likawa kimya, nami nikajisifu kwamba nina nidhamu. Kumbe ni kiburi, ndugu zangu, kiburi kitupu!

Matokeo yalikuwa aibu. Mkuu wa idara akaniambia, "Mama Eliya, wakianguka tena muhula huu, somo nampa mwingine." Nililia kama mtoto.

Wiki mbili kabla ya mtihani, sauti ikanikauka kabisa. Daktari akanikataza hata kunong'ona. Mwalimu wa imla, bila sauti! Nikamwuliza Mungu, "Sasa ndiyo unanimaliza?"

Ndipo Naserian akaniandikia. Huyu ni mwanafunzi wangu, mama anayefanya kazi kwenye shamba la maua Usa River, alikuwa akirudia somo langu mara ya mwisho, na darasani hajawahi kufungua mdomo. "Shikamoo mwalimu, pole sana. Tuna kundi letu kwenye simu. Tutumie swali kila siku, sisi tujibu, wewe usahihishe."

Nilikubali shingo upande. Majibu yakaja, mabovu ajabu! Nusu ya darasa hawakujua hata kutafuta wastani. Nikawaandikia, "Mbona hamkuuliza?" Naserian akajibu, "Tulikuogopa, mwalimu."

Ndugu zangu, nilitubu palepale jikoni kwangu, simu mkononi! Nikaanza upya, hatua kwa hatua. Wakapiga picha kazi zao, wakasahihishana, wakabishana. Naserian alijibu saa ya mapumziko, pale pale kwenye maua. Kundi lilichangamka mpaka nikacheka bila sauti.

Haleluya! Kwenye mtihani walianguka wawili tu. Naserian alifaulu, na somo bado ni langu. Namshukuru Mungu, na namshukuru mama huyu aliyenifundisha kazi yangu.

Mwalimu mwenzangu, kama darasa lako limenyamaza, usidhani wanakuelewa. Mwamini Bwana, mwombe akufunge mdomo kidogo. Utawasikia!