Sikio Anastaafu, na Habari ya Kasha la Kumi na Nne

Nimeombwa kuandika wasifu wa mtu anayestaafu, nami ndiye niliyemstaafisha. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama mkubwa, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nitalieleza likifika mahali pake, kwa sababu mkuu wa kitengo alisisitiza nianze na miaka ya kazi, na kwenye miaka ya kazi sitaki kumpunja mtu.

Fundi wetu wa sauti anaondoka tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili katika kitengo cha hifadhi ya sauti. Kazini mnamwita Sikio. Mimi namwita baba mkubwa, maana ni kaka yake baba yangu, na nimelelewa kwake tangu darasa la pili. Barua yake inasema anastaafu kwa hiari. Ilikuwa imebaki miaka mitatu afikie umri wa kustaafu.

Alianza na kanda za sauti zilizozungushwa kwa mkono, akapita kwenye kaseti, akafika kwenye diski za video za picha kali, na hizo ndizo zilizompa jina. Diski moja hubeba sauti kwa chaneli sita. Kazi yake ilikuwa kuzitoa humo bila kuzijeruhi, kuzitenganisha, kisha kuzichanganya upya ziwe chaneli mbili zinazosikika kwenye redio ya kawaida na spika za ukumbini. Wageni aliwafundisha kwa mfano wa familia. Chaneli ya kushoto na ya kulia ni mapacha, hawaachani. Mbili za nyuma ni majirani, utawasikia mvua ikinyesha au mlango ukigongwa. Ya mngurumo wa chini ni babu, yeye huguna tu. Ya katikati ni mama mwenye nyumba, kwa sababu maneno yote yanayosemwa hupitia kwake. "Ukimsahau babu, nyumba itasimama," alikuwa akiwaambia. "Ukimsahau mama, mtabaki mkitazamana."

Amehamisha diski elfu nne na mia mbili. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekula karanga ndani ya chumba chake akasalimika. Wazee wa kitengo wanakumbuka alivyowaambia watu wa umeme kwamba feni ya mkurugenzi inalia vibaya na itaanguka. Wakamcheka, wakamwambia akatibiwe. Wiki haikuisha, feni ikalala juu ya kiti cha mkurugenzi, bahati mwenyewe yuko mkutanoni. Tangu siku hiyo watu wa umeme walikuwa wakimpitia kila mwezi kumuuliza, "Sikio, unasikia nini?"

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuukiuka. Kila diski ikishahamishwa aliisikiliza yote, macho yamefumbwa, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna kurukisha. Wakubwa wakimharakisha aliwajibu kwamba dakika tisini ni dakika tisini. Akimaliza aliandika kwenye kadi ya njano, "Imesikika yote," akatia saini. Kadi ikishatiwa saini, faili za chaneli sita hufutwa kwa sababu ya uhaba wa nafasi, na diski yenyewe hupelekwa kusagwa. Kwa hiyo kadi ile ndiyo iliyokuwa ikiamua sauti ipi ibaki duniani na ipi iondoke.

Wakati wa likizo nilikuwa nikimsaidia, kwa sababu programu ya kompyuta imeandikwa kwa ile lugha yetu nyingine ya shuleni, ambayo yeye hakuisoma sana. Mimi nilimsomea maneno, yeye akaniambia yana sauti gani. Na niseme hili pia: mimi huongea chini sana. Walimu, madereva, wauza duka, wote huniambia nipaze sauti. Baba mkubwa peke yake hakuwahi kuniambia hivyo. Alinisikia kama nilivyo.

Sasa habari ya kasha la kumi na nne.

Lilikuwa na diski tisa za ushahidi wa watu walionusurika katika moto wa kiwanda cha magodoro. Wengi wao wameshafariki. Diski zilikuwa zimeanza kuota madoa, na baba mkubwa alikadiria zingesomeka mara moja tu. Wiki hiyohiyo mama mkubwa alifanyiwa upasuaji, na baba mkubwa akawa mtu wa kwenda na kurudi hospitali, anakuja kazini na shati la jana. Aliniambia nitoe sauti tu, nisichanganye chochote mpaka akae mwenyewe. Lakini Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya moto ule, na mkuu wa kitengo alikuwa akichungulia mlangoni kila baada ya saa akiuliza, "Bado?" Nikaona nimtue mzee mzigo.

Nilichanganya mwenyewe. Programu iliniuliza nichukue chaneli zipi, nami nikachagua mbili za mbele, kushoto na kulia, nikidhani ndiyo maana ya kupata mbili. Maneno ya pale niliyaelewa yote, wala sijidai kwamba yalinichanganya. Kisha nilisikiliza dakika mbili za mwanzo za kila diski. Zilikuwa na muziki na mvua juu ya mabati, safi kabisa, maana filamu zile huanza kabla mtu hajasema neno. Nikaandika "Imesikika yote" mara tisa. Saini yake naijua tangu nilipokuwa nikijaziwa fomu za shule, nikaitia mara tisa. Faili zikafutwa siku ileile, diski zikasagwa Alhamisi. Baba mkubwa, kwa uchovu, alidhani kasha lile alilifanya yeye, maana wiki ile alitia saini makasha mengine matatu.

Mliokuwepo Jumamosi mnajua. Familia zilikaa kwenye viti vya plastiki, wengine wamebeba picha. Spika zikafunguliwa. Ikaja mvua, ukaja muziki, gari likapita kwa mbali. Watu wakangoja. Ikaja mvua tena. Mama mmoja aliyekuja kumsikia marehemu mumewe alimwinamia jirani yake akauliza, "Ameshaanza kuongea?" Jirani akamjibu, "Bado, tulia." Akaendelea kuuliza hivyo, na jirani akaendelea kumtuliza, mpaka filamu ikaisha. Baba mkubwa alizungusha nyaya, akavaa vipokea sauti, akavivua. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Kwenye kikao walimwonyesha kadi tisa. Jioni ile alimsimulia mama mkubwa, nami nikiwa napanga vyombo. "Wameniuliza kama saini ni yangu. Nimeitazama. Nimesema ni yangu."

Mama mkubwa akamuuliza kama alizisikiliza.

"Sikumbuki, mke wangu. Mtu anasikilizaje dakika tisini mara tisa asikumbuke? Hivi ndivyo baba alivyoanza."

Babu yetu alikufa hamjui mtu hata mmoja nyumbani. Baba mkubwa akaandika barua ya kustaafu wiki iliyofuata. Na hapa ofisini nilimsikia mmoja wenu, simtaji, akisema kwamba siku hizi sikio lile ni la kutundikia miwani tu. Wenzake wakacheka. Nami nilikuwepo, nikaangalia viatu vyangu.

Daktari alimpima, akamwambia masikio yake ni mazima kuliko umri wake. Hakumwamini. Redio ameifunika kitambaa. Mezani akiombwa chumvi huuliza, "Umesema chumvi?" ilhali ameshaishika. Mwezi uliopita nilimsalimia asubuhi kama kawaida yangu, akakunja uso akaniambia, "Sema kwa nguvu, mwanangu, baba yako ameisha." Alikuwa amenisikia. Nilimwona usoni kwamba amenisikia. Hajiamini tena, basi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi niliyoyaficha mimi yanamuua mtu mwingine. Ndiyo maana nayaandika kwenye karatasi itakayosomwa ukumbini, badala ya kumnong'oneza jikoni halafu yeye, kwa huruma, anifichie. Namjua, angenifichia. Mkuu wa kitengo, ukitaka kukata sehemu hii, ikate baada ya yeye kuisoma. Kadi ziko kabatini. Linganisha mkia wa saini: wake hushuka, wangu unapanda.

Baba mkubwa, masikio yako hayakukosea kwenye kasha la kumi na nne. Hayakuwepo. Hukumbuki kwa sababu hakuna cha kukumbuka. Sauti za watu wale zimekwenda na hazirudi, na familia zao nitazikabili mimi, nyumba moja baada ya nyingine, mtu wa kunisindikiza akipatikana au asipopatikana.

Barua inaweza kuondolewa kabla ya tarehe thelathini, nimeuliza. Ukiiondoa, karatasi hii itupwe. Ukiamua kwenda, basi kwa niaba ya kitengo chote nasema ahsante kwa miaka thelathini na miwili na kwa kila dakika tisini uliyokataa kuifupisha. Uende ukiwa mzima, unajijua kuwa mzima, na nyumba yako iwe na maongezi mengi kuliko ofisi hii.

Malapa yake nayasikia kwenye korido ya nyumbani. Siku zote nne nilizoandika haya, nikiyasikia nimekuwa nikiusukuma ukurasa chini ya kitabu cha jiografia. Leo kitabu nimekiweka sakafuni. Yuko mlangoni sasa, na maandishi nimeyageuza yamwelekee yeye.