Bunduki Haikuwa Nzima

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja aufunge ule mlango wa karakana unaobamizwa na upepo, maana pumzi iliyonibakia ni ya kupimiwa kijiko na nina maneno ya miaka ishirini na mitatu. Wewe mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu wa kwanza, kaa hapa kichwani pangu. Na wewe shemeji, mdogo wa mume wangu, usisimame hapo kama mpita njia aliyekimbia mvua. Keti. Leo nakuhitaji kuliko daktari.

Nianze na mepesi. Nyumba ni yenu watoto wangu wawili, na fungu la tatu ni la mjukuu huyu, kwa nafasi ya baba yake. Karakana ni ya binti yangu, aliyekula vumbi la tupa pamoja nami. Jiliwa la kubania vyuma, bisibisi, na miwani yangu ya kukuzia, vyote vyake. Ile bunduki ya wenzo, ya kukokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake, iliyo kabatini aichukue kitindamimba wangu anayelinda mashamba, ila kwanza aende kituoni kibali kiandikwe jina lake.

Sikiliza, kitindamimba. Bunduki iliyokwisha kutumika ni kama mjane aliyeolewa tena: ina mazoea yake, na usipoyajua mtagombana kila siku. Ukiishika, shusha wenzo, tazama chumba cha risasi, kisha ingiza kidole, kwa sababu jicho lenye haraka hudanganywa. Wenzo ushushe mpaka mwisho, urudishe mpaka mwisho. Ukiufanyia uvivu ukaishia nusu njia, ganda litakwama, halafu utamsingizia fundi. Risasi zenye ncha usitie kamwe, kwani kwenye bomba chini ya mtutu zinapanga foleni, ncha ya hii mgongoni mwa ile, na mshindo mmoja unaweza kuzilipua humo humo. Ganda likigoma kutoka, kagua ile kucha inayolivuta, huenda ina uchafu au imelika. Na ukivuta isilie, usiifungue papo hapo; elekeza mtutu pasipo na mtu, hesabu polepole mpaka sitini, ndipo uitoe risasi uitazame fataki yake, kile kifuniko kidogo cha nyuma kinachopigwa. Alama ikiwa imezama sawasawa, kosa ni la risasi. Ikiwa ndogo, kama kuku amedonoa, basi pini inayoipiga imekosa nguvu. Na pini ikikosa nguvu, mwanangu, mtafute aliyeitia mafuta.

Ni mimi.

Tulieni. Mkinikatiza sitaweza kuanza tena.

Benchini kwangu palikuwa na chupa mbili kama mapacha: moja ya mafuta mepesi ya chuma, nyingine ya yale mafuta ya mbegu tunayopaka mbao ya kitako, ambayo yakikauka huwa ngozi ngumu inayong'aa. Siku hiyo nilikuwa nabishana na baba yenu, kwa jambo ambalo hata silikumbuki tena, nikanyoosha mkono nikiwa nimemkazia macho yeye, nikachukua chupa, nikaitia mafuta pini ya bunduki hii, nikafunga. Bunduki ikakaa kabatini miezi miwili, na mafuta yakageuka ulimbo.

Nguruwe mwitu walipoingia kwenye mahindi, baba yenu alichukua bunduki yake ya zamani, hii akampa kaka yenu, kijana wa miaka kumi na tisa. Baba yenu alimpiga dume mmoja, akamjeruhi tu, na dume akamgeukia. Kaka yenu alilenga akavuta. Tak. Akakoki, akavuta tena. Tak. Hapo akaishika kwa mtutu, akampiga mnyama kwa kitako mpaka mbao ikapasuka. Mnyama alikimbia, lakini paja la baba yenu lilikuwa limechanika, na damu yote aliimaliza njiani, mgongoni kwa mwanawe.

Nanyi mlisikia nini? Kwamba kijana aliogopa, hakuvuta, na kwamba mbao ilipasuka alipoitupa juu ya mawe akikimbia. Mimi niliyaona manyoya ya nguruwe ndani ya ule ufa. Niliyachomoa kwa kibano, moja moja.

Siku ya pili baada ya mazishi niliifungua bunduki peke yangu. Pini ilisogea kwa kujikokota. Harufu ya mafuta ya mbegu ikanipanda puani, nikajua. Kaka yenu alikuwa amenipa zile risasi mbili, zina alama ya kuku, akasema, "Mama, zihifadhi, wakubwa watazitaka." Nikazitupa chooni. Nikaiosha pini kwa mafuta ya taa, nikaitia mafuta yake, nikafunga.

Jioni ukaja wewe, shemeji. Ulikuwa na uchungu wa kaka yako, sikulaumu. Uliitoa uani, ukafyatua mara tatu, ikalia mara tatu. Ukasema, "Bunduki nzima. Kibovu ni kidole." Na tangu siku hiyo mwanangu akawa Kidole Baridi, mpaka sokoni, mpaka kwenye midomo ya watoto. Yeye alikuwa palepale uani. Alinigeukia mimi: "Mama, wewe ndiye fundi. Waambie." Mikono yangu ilikuwa bado inanuka mafuta ya taa. Nikasema, "Bunduki haina kosa."

Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili yenu. Ninyi mlikuwa wadogo, na nani angempa bunduki fundi aliyemuua mumewe? Lakini ulimi ukifika kaburini hauna haja ya mapambo: ilikuwa kiburi. Mwanamke pekee mwenye karakana ya bunduki, sikutaka waseme, "Si tulisema?" Nikamtoa mwanangu kafara ili jina langu libaki.

Aliondoka mwezi huo huo. Akapasua mawe machimboni, akaoa, akakuzaa wewe, mjukuu wangu. Kila mwaka alinitumia kitambaa na salamu, na hakunilaumu hata kwa mstari mmoja. Nilijiambia nitamwambia mwaka huu, mwaka huu, na miaka ikanipita kama watu wenye safari zao.

Mwaka jana vumbi la mawe lilipommaliza mapafu nilikwenda hospitali, nikakaa siku tatu kando ya kitanda chake. Siku ya tatu alinishika mkono akaniuliza... ngojeni... nipeni maji.

Aliniuliza, "Mama, hivi kweli nilivuta?"

Mnasikia? Tulimwambia muda mrefu hakuvuta, mpaka mwenyewe akawa hajui. Nikafungua mdomo. Muuguzi akaingia na dawa, na Mungu anajua, nilimshukuru yule muuguzi. Alipotoka mwanangu alikuwa amelala, na hakuamka.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu nimekaa naye chumba kimoja, ana macho ya baba yake.

Basi shikeni haya. Msinizike kando ya mume wangu. Nichimbieni miguuni pa mwanangu. Kabla ya udongo, binti yangu, wewe fundi, simama uwaambie watu habari ya chupa mbili, yote, usinipunguzie. Kile kitako chenye ufa msikibadilishe. Na asiniambie mtu amenisamehe. Mwenye haki hiyo hayupo.

Mjukuu wangu, najua shuleni wanakuita binti wa Kidole Baridi. Mbali na lile fungu, mimi sina cha kukuachia ambacho ni changu. Nakurudishia baba yako. Alivuta mara mbili, kisha akamwendea mnyama kwa mikono.

Shemeji... wewe ndiye uliyempa lile jina, kwa uongo wangu. Lichukue. Mtazame mtoto, useme alivuta. Sema... kwa sauti, sikio langu linazama.

Eeh. Nimesikia. Tena.

Mungu awape, wanangu... awape ndimi nyepesi kwenye kweli. Mpendane. Binti yangu, shika mkono huu, si ule... ule mwachie mtoto.