Avume Mpya Imekamilika

Tulikuwa katikati ya Ziwa Volta, ndani ya kivuko, Mama Dzifa muuza samaki wakavu alipomwonyesha jirani yake wa benchi maji. "Hapo chini ndiko kwetu, bwana. Nilikuwa na miaka tisa walipotuhamisha wajenge bwawa. Walisema tutakuwa wa kwanza kupata umeme."

Jirani huyo, Ofosuhene, mkaguzi wa nyaya za umeme kutoka Accra, alipiga miayo. "Nchi ilikuwa changa, mama. Bila bwawa tungepata wapi viwanda? Lazima mtu angehama."

"Sikatai. Ila tukahama sisi, viwanda vikaja kwenu."

"Hata hivyo vingi vimeshafungwa."

"Poleni," alisema Mama Dzifa, na nadhani alimaanisha. Ubishi huu nimeusikia kwenye kivuko hiki tangu nikiwa na meno yote.

Ili kumtuliza, Ofosuhene akatoa mkobani orodha ya vijiji vya kuunganishiwa umeme. "Kijiji mlichohamishiwa kinaitwaje?"

"Avume Mpya."

Kidole chake kikashuka kwenye karatasi, kikasimama. "Hapa wameandika imekamilika. Miaka kumi na minane iliyopita."

"Hongereni. Mimi jana nimewasha kandili."

"Labda karani alikosea."

"Huyo karani ametumikia marais wangapi?"

Kivuko kikagusa ukingo, injini ikazimwa. Mama Dzifa akajitwika beseni lake. "Unakuja kuona, au karatasi inatosha?"

Jibu sikulisikia, maana watu walishaanza kushuka. Nilipogeuka, Ofosuhene alikuwa bado ameketi.