Bastola Iliyouzwa Kanisani

Benchi letu liko mbele ya karakana ya matairi ya Harlan, hapa Cutler Fork, Missouri, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la swali lolote. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nawajua. Yuko Kanali, ambaye jeshini kazi yake ilikuwa kumenya viazi. Yuko Jaji, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kupewa talaka. Na yuko Verlin, mfuga mbwa wa kuwindia, ambaye jana aligongewa mlango na polisi: bastola ya marehemu baba yake ndiyo iliyomjeruhi Kaylynn, binti wa kituo cha mafuta, kwenye wizi wa juzi. Verlin aliiuza mwaka jana katika maegesho ya kanisa, baada ya ibada. Kaylynn ndiye aliyekuwa akituuzia kahawa kila asubuhi. Sasa yuko hospitalini, kituo kimefungwa, tunakunywa ya Harlan, na hilo ndilo lililowauma wenzangu kwanza.

Kanali: Hii kahawa au maji ya betri?

Jaji: Kunywa, bwana. Verlin, polisi walikufikiaje?

Verlin: Kwa ile namba iliyochongwa kwenye bastola. Walianzia kiwandani, wakaja dukani, wakakuta jina la baba, kisha wakaja kwangu.

Kanali: Si nilisema? Ile namba inaongea na setilaiti.

Jaji: Mbona ilipofika kwa Verlin ikanyamaza?

Kanali: Chaji iliisha.

Jaji: Anyway, hana kosa. Sheria yetu hapa, mtu na mtu wakiuziana hakuna kumchunguza mnunuzi wala kuandika jina lake. Haba na haba hujaza kibaba.

Verlin: Hiyo inaingiaje hapa?

Jaji: Inaingia polepole.

Kanali: Ukikubali kusajili bunduki leo, kesho wanasajili kisu cha siagi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Nikamwambia methali hiyo inampiga yeye mwenyewe.

Kanali: Basi wahenga nao wamenunuliwa na serikali.

Watu hawa, wakiangusha kulungu, huripoti serikalini siku hiyo hiyo, dume au jike. Kulungu anajulikana, bunduki iliyomuua haijulikani. Niliwakumbusha hilo.

Kanali: Kulungu ni mali ya umma, wewe.

Jaji: Mimi naona mnunuzi yule alitumwa. Ainunue, aibie watu, ili sisi tutungiwe sheria.

Kanali: Hapo umesema. Tena nakwambia hakuna hata aliyepigwa risasi. Maigizo matupu. Nani kati yetu ameliona hilo jeraha?

— Mimi nimeliona.

Alikuwa Rhonda Pruett, mama yake Kaylynn. Gari lake aliliacha barabarani, mlango wazi, na mkononi bado alikuwa na utepe wa hospitali wanaovalishwa wageni. Hakumtazama Kanali hata kidogo. Niliona aibu kuwa nimekaa.

— Verlin, alisema. Nilipokuja kwako kuchukua mbwa, uliniuliza kama nina uzio.

— Ndiyo, mama.

— Ukataka jina la daktari wa mifugo. Ukaja mwenyewe kuangalia atalala wapi. Wiki iliyofuata ukanipigia simu kuuliza kama anakula.

— Mbwa wangu siwatoi ovyo, Rhonda. Unanijua.

— Nakujua. Sasa huyo uliyempa bastola, anaitwa nani?

Jaji alikohoa. Kanali aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

— Alikuwa mtu mpole, alisema Verlin. Tulishikana mikono. Akanibariki.

— Sikuuliza hayo.

Rhonda aliendelea kusimama pale, akingoja jina.